Kadi Kumi na Moja za Ketill Brandsson

Mchungaji, majirani zetu wa bondeni, na wajumbe wa Kamati ya Istilahi mliosafiri kutoka Reykjavík, familia imenituma mimi, Védís, mjukuu wa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake.

Ketill Brandsson alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 katika shamba la Hólsnes, akasoma shule ya bweni hapa bondeni, kisha sekondari mjini Akureyri, ambako alikipenda sana Kilatini, lakini mwaka 1957 baba yake alivunjika nyonga, naye akarudi nyumbani kutunza kondoo.

Tarehe 22 Juni 1966 alifunga ndoa na Sólrún Hákonardóttir, wakajaliwa watoto wawili, Brandur na mama yangu, Hildur.

Mwaka 1979 Kamati ilimwomba akusanye asili ya majina ya viungo, magonjwa na wanyama, akawa anaandika kila neno kwenye kadi yake, na hakuna kadi iliyoingia sandukuni kabla hajaihakiki katika vitabu vitatu. Ndiye aliyetueleza kwamba jina la Kilatini la mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, maana yake ni ufunguo mdogo, na kwamba bata wetu wa manyoya laini ameitwa kwa maneno ya Kigiriki ya mwili na sufu. Wengi mnamkumbuka Bibi akipaza sauti toka zizini, "Wewe mzee, njoo ukamue, ng'ombe hajali anaitwaje kwa Kilatini!" naye akijibu, "Nakuja, malkia, namalizia pua!" Bibi alifariki tarehe 3 Mei 2015, na tangu hapo Babu alikwenda kukamua mapema, bila kungoja kuitwa.

Macho yake yalipofifia, mimi niliacha shule, Januari 2023, ili nimsomee na kumwandikia, ingawa wiki nzima aliniambia, "Rudi darasani, mkaidi we." Agosti mwaka huu kumbukumbu nayo ilimponyoka, lakini aliendelea kunitajia maneno niyaandike. Alisema mtulinga uliitwa ufunguo kwa sababu Sólrún alitundika hapo ufunguo wa stoo ya maziwa, na bata akapewa jina kwa ajili ya mto wa manyoya alioulalia Sólrún usiku wa harusi. Nilijua si kweli, lakini nikaandika kadi zote kumi na moja za namna hiyo, nikazichanganya na nyingine sandukuni, kwa kuwa alikuwa anatabasamu.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, katika hospitali ya Akureyri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotulishia kondoo, na ninyi wanakamati, ambao leo mnaondoka na sanduku lake kwenda kulichapisha. Kwa miaka arobaini na mitano Babu hakuwapa neno la uongo, kwa hiyo jana nilizitoa zile kumi na moja, na kosa la kuziingiza ni langu, si lake. Naomba msizichapishe, na naomba mniachie.

Lala kwa amani, Babu. Jana nilizisoma zote tena, na sikutaka kusahihisha hata moja.