Aliyewasindikiza Vijana wa Louisville

Baba Paroko, wazee, mama zetu, ndugu mliosafiri kutoka Louisville na Columbus, na majirani zetu wa hapa Tonawanda, familia imenituma mimi Salvatori, kaka wa mjane, niwaeleze huyu tuliyemleta kanisani leo alikuwa nani, na kwa kuwa alikuwa shemeji yangu na utani wetu haukuwahi kwenda likizo, naomba mnivumilie nikimtania kidogo hata leo, maana nikinyamaza kabisa atajua kweli amekufa.

Tarcisius Rugaba alizaliwa tarehe 3 Februari 1960 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, akiwa mtoto wa nne wa katekista Zenoni Rugaba na mkewe, na katika nyumba ile mgeni hakuagwa mlangoni, alisindikizwa mpaka mwisho wa kibanja, pale migomba inapokutana na barabara, huku mtoto akimbebea mzigo, na mtoto huyo karibu kila mara alikuwa Tarcisius, ambaye alichelewa kurudi kwa sababu alitaka kusimama pale barabarani mpaka mgeni apotee kwenye kona. Dada zake wanasema alichapwa kwa hilo, na hakuacha.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari Bukoba, akahitimu mwaka 1978, kisha akasomea kilimo na mwaka 1982 akaajiriwa katika kitalu cha miche ya kahawa, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini na kuipenda kuliko alivyopenda kula. Aliniambia mara nyingi kwamba kazi ya kitalu ina utamu wake na uchungu wake, unamwagilia mche, unaukinga na jua, unaujua kwa sura, na ukishakuwa mzuri anakuja mtu na baiskeli anauchukua akaupande kwake, nawe unabaki na viriba vitupu, vile vifuko vya kuoteshea. Nilimuuliza faida yake iko wapi, akanitazama kwa huruma.

Tarehe 20 Juni 1992 alifunga ndoa mjini Bukoba na dada yangu Winifrida, muuguzi, aliyemtibu malaria, naye Tarcisius akawa anarudi hospitali wiki nzima baada ya kupona, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Jovin, aliyezaliwa mwaka 1994, na Clara, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 1998. Mwaka 2004 jina la Winifrida lilitoka katika bahati nasibu ya viza, familia ikahamia Louisville, Kentucky, na Tarcisius, bwana shamba mzima, akaanza kupanga maboksi ghalani huko Jeffersontown, kazi ambayo hakuilalamikia hadharani lakini ilimnyamazisha, na dada yangu aliwahi kunipigia simu akilia kwamba mume wake amekuwa mtu wa kuangalia ukuta.

Kilichomtoa ukutani kilikuwa besiboli. Mwaka 2005 msimamizi wa zamu aligawa tiketi za uwanjani kwa wafanyakazi, Tarcisius akaenda kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na akarudi amebadilika uso. Kwa wasioujua mchezo huo, ni wanaume waliosimama mbalimbali kwenye majani wakitema mate, mmoja anarusha, mwingine anakosa, na mimi kila nilipopelekwa nilisinzia kwa heshima zote, lakini marehemu aliona kitu nisichokiona. Aligundua kwamba timu ya Louisville si timu ya mwisho, ni mahali ambapo vijana wanakuzwa kwa ajili ya timu kubwa ya Cincinnati, kijana anaanzia huko chini, anapanda ngazi hadi ngazi, anafika Louisville, na akicheza vizuri asubuhi moja anaitwa, anafunga begi, anaondoka, na mashabiki wa Louisville wanabaki na mwingine wa kumkuza. Nilimwambia hii ni timu ya wajinga, mchezaji akiwa mzuri tu mnanyang'anywa, naye akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Bukoba, akasema, "Shemeji, hiki ni kitalu."

Tangu siku hiyo aliwajua wote, wale wa Louisville na hata wale waliokuwa bado ngazi za chini ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, akawapa majina yake mwenyewe, Mrefu, Bwana Mdogo, Mkono wa Kushoto, hata sisi nyumbani hatukujua majina yao ya ubatizo. Na kijana alipoitwa timu kubwa, marehemu, kama ilimkuta uwanjani, alikwenda kwenye mlango wanaotokea wachezaji, akasubiri, na kijana alipotoka na begi lake akatembea naye hadi kwenye gari, akimwambia kwa Kiingereza chake cha Kamachumu kwamba kwao mtu anayesafiri haachwi aende peke yake, kisha akabaki amesimama mpaka gari lipotee. Mlinzi alimfukuza mara ya kwanza, mara ya pili akamzoea, na baadaye akawa anamwita.

Mwaka 2013 Winifrida alipata kazi hospitalini Columbus, familia ikahamia Clintonville, nasi tukadhani ugonjwa huo utapona, kumbe Columbus nayo ina timu katika ligi hiyohiyo, kwa hiyo vijana wa Louisville walikuja kucheza mlangoni kwake, naye akawa anakaa katikati ya watu wa Columbus na kofia ya Louisville kichwani bila aibu yoyote. Huko ndiko alikompata mrushaji mmoja, kijana mpole aliyefika Louisville mwaka 2017, ambaye mwaka uliofuata alipasuliwa kiwiko, na tangu hapo nyumbani kwetu anaitwa Kiwiko.

Hapo lilitokea jambo ambalo jumuiya yetu ya Columbus haitalisahau. Marehemu, katika sala ya jumuiya, aliomba watu wamkumbuke kijana wake aliyepasuliwa kiwiko, na jumuiya ile, ambayo wengi ni ndugu zetu wa Kivu, Kongo, watu wanaojua kuomba, ikamwombea wiki baada ya wiki, hata Jumamosi moja Mama Kavugho akaongoza msafara wa kina mama na masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na samaki kuja kumpa pole mgonjwa, wakamkuta dada yangu ana povu la sabuni kichwani na hajui habari ya mgonjwa yeyote. Mama Kavugho akauliza kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani, "Donc, Baba Jovin, huyu mutoto iko wapi, tumuone?" na shemeji yangu, badala ya kuona haya kama binadamu wengine, akawakaribisha sebuleni, akawasha televisheni, akawaonyesha. Chakula kililiwa, na Mama Kavugho, ambaye leo yuko hapa mbele, alisema, "Bon, mutoto ni mutoto," akaendelea kumwombea Kiwiko hadi mkono ukapona.

Mwaka 2019 walihamia huku kumfuata Jovin, aliyepata kazi kiwandani, na Buffalo, hapa jirani, nayo ina timu katika ligi ileile, jambo ambalo mimi naamini marehemu alilijua kabla ya kukubali kuhama.

Sasa nafika mahali ambapo Clara mwenyewe ameniomba nisiparuke. Clara alimaliza chuo, na mwaka 2021 akapata kazi nzuri Portland, Oregon, ng'ambo nyingine kabisa ya nchi hii, na baba yake, huyuhuyu aliyefurahia kila kijana wa watu akiondoka, alikataa katakata, akasema msichana ambaye hajaolewa haendi kuishi peke yake mahali pasipo na ndugu, na mama, kaka na mimi mjomba wake tulimsihi tukachoka. Jumapili tarehe 22 Agosti 2021, siku ya safari, Jovin alipakia mabegi kwenye gari, Clara akasimama mlangoni akimsubiri baba yake atoke chumbani, na baba hakuwemo chumbani, alikuwa ametokea mlango wa nyuma kwenda uwanjani. Baadaye ilijulikana kwamba siku ileile alimsindikiza kijana mmoja aliyeitwa timu kubwa, na Clara aliposikia alimwambia mama yake kwamba baba amemtembeza mtu baki hadi kwenye gari lake, na yeye hakumfikisha hata barazani, na tangu hapo baba na mwana hawakuongea, si Krismasi, si Pasaka, na nyumba ile iliuma. Tulimkosa Clara, na tulimkosa Tarcisius tuliyemzoea, maana aliendelea kwenda uwanjani lakini alirudi bila hadithi.

Januari 2024 madaktari walimweleza kwamba figo zake zimeshindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kila wiki, safari za mbali zikaisha. Na katikati ya Aprili mwaka huohuo, Kiwiko, ambaye kwa umri wake wengi walishamkatia tamaa, aliitwa Cincinnati, na mechi yake ya kwanza ingechezwa Seattle, upande uleule wa nchi alipo Clara. Winifrida anasema mumewe alishika simu asubuhi nzima bila kuipiga, akaiweka, akaishika tena, na hatimaye akapiga, na maneno yake ya kwanza kwa binti yake baada ya muda wote ule yalikuwa, "Clara, ni baba yako. Una gari?"

Clara akajibu kwa Kiingereza kwamba analo, na baba akamweleza habari ya Kiwiko, kwamba yeye hawezi kusafiri, na kama Clara angeweza kwenda kumtazama kwa niaba yake. Binti huyu, ambaye alikuwa na haki zote za kukata simu, aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari hadi Seattle, akakaa uwanjani ameinua simu yake, na marehemu akatazama akiwa kitandani hapa Tonawanda, sisi tumejazana nyuma yake. Kiwiko aliingia mchezo ukielekea mwisho, akarusha mpira wake wa kwanza kabisa katika timu kubwa, na mpigaji akautandika ukaenda kutua kwa watazamaji. Mimi nilisema mambo ambayo hayafai kanisani. Shemeji alisema tu, "Mwacheni, amefika," na kweli Kiwiko akatulia, akawatoa watatu waliofuata.

Mchezo ulipokwisha Clara alikwenda kwenye mlango wa wachezaji, bila kuagizwa, akamsubiri Kiwiko, akamwambia kwamba ametumwa na baba yake amsindikize, na yule kijana akasimama, akauliza kama ni yule mzee wa Columbus aliyekuwa na kofia, akavua kofia yake mwenyewe, wakatembea pamoja. Clara alipopiga simu kueleza, baba yake hakuuliza habari ya mpira, aliuliza, "Umemfikisha wapi?" Clara akasema hadi mlango wa basi. Marehemu akasema, mbele yetu sote, "Wewe sikukufikisha popote, mama. Nisamehe."

Nilimfahamu shemeji yangu zaidi ya miaka thelathini, ndiyo mara pekee nilipomsikia akimwomba mtu msamaha, na ninasema wazi kwamba nililia.

Baada ya wiki chache Kiwiko alirudishwa Louisville, na marehemu hakusikitika, na Clara alikuja nyumbani mara kwa mara tangu wakati huo. Mara ya mwisho alipoondoka, Juni mwaka huu, baba yake aliyekuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu alikataa kuagwa nyumbani, akasukumwa na Jovin hadi uwanja wa ndege, begi dogo la Clara amelipakata mapajani, mpaka pale asiye na tiketi anapozuiwa, akasimama kwa miguu yake, akashika uzio, akasimama hivyo mpaka Clara alipopotea kwenye kona ya ukumbi. Jovin anasema alimwambia akae, na baba akamwambia anyamaze, bado anamwona.

Mwezi Septemba hali ilibadilika, akalazwa hapa Buffalo, Clara akawahi kufika, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025 Tarcisius alifariki dunia, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mwingine kwa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa chumba cha kusafisha damu ambao aliwafundisha majina ya wachezaji kwa lazima, inawashukuru majirani waliozoa theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Jeffersontown waliokuja na kofia zao, jumuiya ya Columbus kwa sala na kwa sombe, na Baba Paroko aliyemletea komunyo kila Jumapili.

Mwisho kabisa, ninyi mnajua desturi ya huku, misa ikiisha kila mtu anakimbilia gari lake, tunafuata taa hadi makaburini. Leo tumeomba, na wenye gari la mazishi wamekubali, kwamba litakwenda polepole, nasi sote tutembee nyuma yake kutoka mlango huu hadi kule barabara inapopinda, ndipo tupande magari, na Clara atakuwa mbele amebeba kofia ya baba yake. Wenye miguu mibovu waende kwa kadiri watakavyoweza, hakuna atakayeachwa.

Shemeji, sasa tangulia na amani ya Mungu, sisi tutasimama pale pale mpaka upotee kwenye kona.