Bi. Safia Hemedi na Barua Zisizo na Maua

Bi. Safia Hemedi, karani wa mawasiliano wa kiwanda chetu cha minofu ya samaki aina ya mbuta hapa Kisumu, atastaafu tarehe 31 Desemba 1998, baada ya utumishi wa miaka kumi na saba na miezi kumi. Hesabu hiyo ni sahihi. Ameikagua mwenyewe mara mbili.

Aliajiriwa Machi 1981 kuendesha teleksi. Barua za kompyuta zilipoanza mwaka 1996, alihamishiwa huko pamoja na kiti chake, ambacho hadi leo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia.

Hapo ndipo alipokosana na Bwana Oketch, meneja wetu wa mauzo, mtu mwema mwenye udhaifu mmoja: mapambo. Kila barua yake ilikuwa waraka ulioambatishwa, wenye herufi nene za zambarau, fremu ya maua na picha ya mbuta anayetabasamu. Waraka mmoja ulichukua dakika arobaini kupita kwenye laini ya simu, na muda huo wote wavuvi wa Usenge wanaotuuzia samaki hawakuweza kutupata kwa simu. Bi. Safia alishikilia kwamba barua za nje ziwe maandishi matupu, ndani ya ujumbe wenyewe, kwa kuwa waraka wa mapambo una vichochoro vingi vya kuficha virusi.

"Mama Safia, hiyo barua yako iko uchi," Bwana Oketch alilalamika.

"Afadhali uchi, Bwana Oketch, kuliko joho lenye chawa."

Chawa walifika Juni 1997, ndani ya disketi ya maua mapya ambayo Bwana Oketch alipewa na rafiki. Kilikuwa kirusi kinachohamisha maneno ndani ya nyaraka. Mnunuzi wetu mkubwa, Mholanzi, akaarifiwa kwamba tumempakilia tani nane za wakurugenzi, wametolewa matumbo na kugandishwa, na kwamba mbuta atamtembelea Agosti pamoja na mkewe.

Mnunuzi hakucheka. Alisema hatafungua tena waraka wetu wowote, na asipopata orodha ya shehena inayosomeka kabla ya saa tisa alasiri, atatafuta kiwanda kingine. Faksi yetu ilikuwa kwa fundi tangu Pasaka. Bila mnunuzi huyo, akina mama tisini wa meza za minofu wangerudishwa nyumbani.

Kompyuta moja tu ilikuwa salama, ya Bi. Safia, kwa sababu alikuwa ameziba tundu lake la disketi kwa plasta ya kidonda. Aliandika orodha yote upya, akinyoosha safu kwa rula juu ya kioo cha kompyuta. Bwana Oketch alisimama nyuma yake akitokwa na jasho.

"Hata kamstari kamoja, Mama?"

"Hata nukta ya bure, Bwana."

Ujumbe ulipita kwa sekunde kumi na moja. Saa nane na nusu mnunuzi alijibu kwamba amesoma kila kitu, mzigo upakiwe. Kesho yake akina mama tisini waliingia zamu kama kawaida, wala hawakujua walivyokaribia kukosa kazi.

Sasa wamesimuliwa. Wameomba kumsindikiza wote hadi kwake Sondu, na lori la kiwanda limeoshwa mara tatu, ingawa bado linanuka.

Bi. Safia, asante kwa ukaidi wako. Tunakutakia afya, kuku watagao, na usingizi mrefu wa mchana.