Injini Ilivyokohoa Siku ya Jicho la Asiya

Kijiwe cha kahawa pale Msambweni kilikuwa gogo la mnazi mbele ya nyumba ya Mselem, na mwaka ule wa pili wa uhuru hapakuwa na jambo lisilohukumiwa pale. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa gari. Miaka kumi na tisa Mselem alimwendesha Mzungu wa shamba la minazi. Mzungu alipofunga virago alimwachia gari lake kuukuu tu, si kingine. Sasa lilikuwa kando ya gogo: likiwashwa linakohoa na kutetemeka kama mwenye homa, likitiwa gia linazima. Kiti cha nyuma aliketi mkewe, Asiya, kajitanda buibui, jicho la kushoto limefungwa kitambaa cheupe, la kulia limeanza kufifia. Daktari wa macho kutoka Nairobi alikuwa Mombasa siku hiyo moja tu, mpaka adhuhuri. Kisha harudi ila baada ya miezi minne.

— Petroli ina maji, alisema Kavumbi, aliyeitwa Bama kwa kuwa alipigana vita vya Wazungu katika nchi ya jina hilo na hakuacha kukumbusha watu. Na maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayakumwagika, Bama. Yameingia.

— Ndiyo maana hayazoleki!

Chome, tarishi wa korti aliyejiita Hakimu, alitikisa kichwa.

— Maji hayana hatia. Gari hili limezoea bwana mwenye viatu, Mselem analikanyaga peku. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani?

— La gari.

— Nyote hamuoni, alidakia Fondo, muuza kahawa. Mzungu alilikata mshipa kabla hajaondoka. Kule Kinondo trekta imekatwa mshipa, kule Jego pampu ya maji. Tumepewa uhuru wa kusukuma!

Wakacheka. Mselem hakucheka. Katika miaka yote ile hakuwahi kufunua boneti. “Kazi yako usukani,” Mzungu alikuwa akimwambia, kisha humwita fundi. Lakini angelisemaje hilo mbele ya watu waliomwita Dereva?

— Baba Mishi, Asiya aliita kutoka ndani ya gari, jua linapanda.

— Subiri kidogo, mama, Mselem alijibu. Tunatafuta.

— Penye wengi hapaharibiki neno, Bama akamtuliza, akaomba kikombe cha nne.

Wakaimwaga petroli ndooni, wakaichuja kwa kanga, wakairudisha. Gari likakohoa. Hakimu akashauri lisukumwe kinyumenyume, lisahau njia za bwana wake. Wakalisukuma, Asiya akiwa ndani. Likakohoa.

Jua lilipofika utosini lori la nazi lilisimama, akateremka dereva wake, Mangi, mtu wa Bodo.

— Shikamooni, wazee. Silinda ipi haichomi?

Bama akainama kutazama magurudumu.

Mangi hakungoja jibu. Alifunua boneti, akamwomba Mselem awashe, akazungushia mkono kitambaa kikavu, akawa anachomoa waya wa plagi za kuwashia petroli mmoja mmoja na kuurudisha. Wa kwanza: injini ikazidi kulegea. Wa pili: ikazidi kulegea. Wa tatu: haikubadilika hata chembe.

— Ndiyo hii. Uchomoe usichomoe, mamoja. Plagi hii hailali wala haiamki.

Akaifungua, kauri yake ilikuwa na ufa. Akatia nyingine kutoka sanduku lake la vifaa. Injini ikatulia, ikanguruma laini. Kijiwe kikapiga makofi, na Bama akaapa kwamba naye alikuwa anakaribia kufika papo hapo.

Mangi akachungulia ndani, akaona kitambaa cheupe.

— Mama anaumwa?

— Alikuwa aonwe na daktari Mombasa, alisema Mselem. Mpaka adhuhuri.

Msikitini muadhini akaanza adhana ya adhuhuri. Mangi akafuta mikono polepole.

— Mzee Mselem, saa mbili nilipita hapa nikienda Likoni, kwenye feri ya Mombasa, kiti cha mbele kitupu. Nikapiga honi, mkanipungia mikono nyote. Mbona hamkunisimamisha?

Fondo aliinamisha dele la kahawa. Halikutoa ila machicha. Hakimu alitazama vidole vya miguu yake. Mselem alikuwa na jibu. Mwezi mzima alikuwa akiwatangazia watu kwamba mkewe atafika Mombasa kwa gari la mumewe, si kwa lori la nazi. Alipangusa vumbi la boneti kwa kiganja.

Asiya alifungua mlango mwenyewe, akashuka, akaupapasa ukuta mpaka akaingia nyumbani. Injini iliendelea kunguruma pale kando ya gogo, nzuri kabisa, na hapana aliyeizima.