Nilimwonyesha kwa Kidole

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Mnaniona nimesimama mbele ya kikundi chetu cha walioacha pombe, sitetemeki. Mwaka juzi nisingeweza kushika hata kikombe.

Wengi mnalikumbuka duka langu la intaneti hapa Lindi mjini. Kompyuta tano. Mamlaka ya serikali ilituagiza tuandike kwenye daftari jina la kila mteja na mashine aliyokalia. Nikaandika. Sikujiuliza la nini.

Palikuwa na muuguzi mmoja wa zahanati, upande wa Kiswere. Simtaji. Akija mjini aliandika kwenye blogu yake, bila kujitambulisha, kwamba kina mama wanajifungulia sakafuni na glavu hakuna. Siku moja blogu ikafungwa. Wiki iliyofuata wakaja wanaume wawili, wana adabu hasa.

"Jumanne, mashine namba nne alikaa nani?"

Ndugu zangu, nawaambia, hawakunipiga wala kunitisha. Walilifungua daftari, mwandiko wangu ukawashinda kusoma. Ningesema sikumbuki, wangeondoka. Na muuguzi mwenyewe alikuwa palepale kwenye benchi, anasubiri zamu yake ya kompyuta. Nikanyoosha kidole.

Akaniangalia. "Kaka, mwanao nilimpokea mimi. Kwa mikono hii mitupu."

Kweli, mke wangu alijifungulia kwao Kiswere. Nikainamisha kichwa. Wakamchukua. Alikaa mahabusu, kazi ikaota mbawa.

Mwezi haukuisha wakanirudia mimi: eti sina leseni mpya. Wakabeba kompyuta zote.

"Jamani, si niliwasaidia?"

Mmoja akacheka. "Ndiyo maana tunapajua hapa."

Nikaanza na uraka, pombe ya mabibo, nikahamia nipa, ile kali kama gongo. Mke akaondoka na mtoto. Nikawa najikojolea, watoto wa mtaa wananizomea. Dada yangu akaja kunichukua, akanipeleka kwake Rutamba. Kumbe muuguzi naye yuko huko, analima kwa mama yake.

Nikamwendea shambani, nimelewa, nikapiga magoti. Hakuacha kupalilia.

"Sikusamehe. Wala usirudi. Unataka nikutue mzigo ukanywe kwa raha."

Nililia njia nzima. Miaka yote nilikunywa nikisubiri msamaha. Siku ile nikajua hauji. Nikamwambia dada, "Nifungie ndani."

Asante dada, ulinifulia mashuka yale bila kuziba pua. Asanteni wenzangu, mlinipokea mkijua nilichofanya.

Juzi nilikutana naye sokoni. Nilimsalimu, akanipita. Ana haki. Niliumia, nikarudi nyumbani, sikunywa. Wewe unayengoja usamehewe kwanza ndipo uache, acha leo. Huenda hutasamehewa.