Mshumaa wa Dirishani wa Mama Annonciata

Ndugu waombolezaji, kaeni, hata ninyi mliosimama karibu na mlango kwa mazoea ya kuondoka mapema. Anayewasomea ni Sylvestre, mdogo wake marehemu, ana hasira, na hataificha.

Marehemu Annonciata Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, Walungu, Kivu ya Kusini, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akahitimu ualimu Bukavu mwaka 1968, akafundisha darasa la kwanza miaka ishirini na minane, hadi vita vya 1996 vilipoifunga shule yake. Alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, Makungu, tarehe 7 Agosti 1971, wakajaliwa watoto wawili, Hugues na Déborah, naye Makungu akafia njiani mwaka 1997, wakikimbia.

Alifika Birmingham tarehe 2 Novemba 2002, akapewa nyumba Winson Green, akapata kazi ya kusafisha ofisi Northfield. Baridi ile ya kwanza ilimkomesha, jamani, mtu aliyezoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, leo giza linaingia saa kumi alasiri, akalia wiki mbili, kisha akatia mshumaa ndani ya chupa ya jamu, akauweka dirishani, akafungua Injili ya Yohana. Tangu hapo, kila siku kuanzia Desemba hadi Februari, saa kumi kamili, mshumaa uliwaka, na aliyeuona alijua amealikwa, aingie, anywe chai, wasome, waombe, atoke akiwa mtu. Nusu yenu mliomo humu mliingia pale na barua za uhamiaji mikononi, mmekata tamaa, na hamkutoka vile.

Mwaka 2006 Mzee Cleopas wa kamati ya ushirika wetu akasimama, akasema mshumaa dirishani ni mambo ya waganga, unaita wafu, na ninyi, watu wazima na akili zenu, mkaitikia Amina. Looo! Husemwa penye wengi hapaharibiki neno, hapa liliharibika mchana kweupe. Mkaacha kwenda, wengine mkawa mnavuka barabara kabisa, na mkipigiwa simu jibu likawa moja, "Niko shifti, mama." Yeye hakuwasema hata siku moja, aliuwasha, akaketi peke yake na vikombe sita mezani.

Tarehe 8 Januari 2009 saa kumi ilifika, dirisha likabaki jeusi. Aliyeliona ni Jagjit, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu wa dini nyingine kabisa, akagonga, akavunja kioo, akamkuta sakafuni, amepigwa na kiharusi, kibiriti mkononi. Mnasikia? Mshumaa mliouita uganga ndio uliomletea msaada, akaishi siku kumi na moja zaidi, Hugues akawahi kufika akamshika mkono, Déborah akamsomea Yohana, naye kwa sauti iliyokatika aliomba jambo moja tu, mshumaa wake uwashwe juu ya jeneza. Alifariki tarehe 19 Januari, saa kumi na moja alfajiri. Ombi hilo Sylvestre alilipeleka kwa kamati, na juzi kamati ilikataa, kwa barua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, wafanyakazi wenzake wa Northfield walioleta maua, na Jagjit, aliyeketi hapo mstari wa mbele, ambaye neno la kumtosha hatuna. Ninyi wengine mtashukuriwa mtakapoanza kustahili.

Sasa ni saa kumi kamili, nje kunafifia, na Sylvestre anakunja karatasi hii, anauweka mshumaa juu ya jeneza, anatoa kibiriti, kile kile kilichokutwa mkononi mwa dada yake. Mzee Cleopas, ukitaka kuuzima, njia ya katikati ya viti iko wazi, njoo uuzime mwenyewe, mbele ya watoto wake.

Dada, umewaka. Pumzika kwa amani.