Taa ya Friji

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, seremala mwenye maranda ndevuni alimlalamikia mama aliyeketi naye. "Bili ya umeme inaniua, dada. Nimemnyang'anya mama mkwe pasi, nimezima hita, nimeng'oa hata taa ya friji. Ndiyo kwanza inapanda!"

"Sasa ndani ya friji mnaonaje?"

"Tunaacha mlango wazi, tunamulika na tochi mpaka nyanya ionekane."

"Kaka, mchawi wako ni wewe mwenyewe."

"Mimi? Thubutu! Mama mkwe ana pasi nyingine kaificha."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Basi liliposimama nikashuka, nikalinyoosha shati langu, limenyooka vizuri kweli. Nililipiga pasi asubuhi. Kuichomoa, sikumbuki.