Koki Arobaini na Moja za Baharia

Nyie vijana wa karakana, mnaofungua kijitabu hiki cha kumuaga mzee huku akili iko kwenye keki ya Ijumaa, hebu acheni kuhesabu sahani kwanza. Mmenunua saa ya ukutani, mmeifunga na utepe. Vizuri. Lakini kati yenu nani anajua koki ya maji ya wodi ya wazazi iko wapi? Hakuna hata mmoja. Nilijua tu.

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi bomba wetu mkuu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika hospitali hii. Sote tunamwita Baharia, na jina analistahili, maana kabla ya kuja hapa alitumikia jeshi la majini miaka kumi na miwili. Msije mkadhani alikuwa anasimama juu na darubini. Alikuwa fundi wa mitambo, chini kabisa tumboni mwa meli, mahali pasipo na dirisha. Bahari, anasema, aliisikia zaidi kuliko alivyoiona. Alilala ubavu, sikio kwenye chuma, na maji yanapita upande wa pili yakinong'ona mpaka usingizini mwake.

Huko ndiko alikojifunza kusikiliza. Wagonjwa wapya humshangaa: mtu mzima na ovaroli yake ya buluu amesimama kwenye korido, mpini wa ufagio ameuegemeza kwenye bomba, ncha nyingine iko sikioni, macho ameyafumba kama anayeota. Kisha atasema panavuja ghorofa ya tatu, bafu la mwisho. Ukienda, unakuta.

Siku moja alinipa mimi ule mpini, hapo nje ya chumba changu cha kufulia. Ilikuwa asubuhi, mvuke umejaa, shuka zinaning'inia. Nikasikia maji yakipanda na kushuka mle ukutani, mbali, taratibu, kama jengo zima linapumua. Nikahisi sakafu inasogea kidogo chini ya kandambili zangu. Tangu hapo siwezi kuyatazama madirisha yetu marefu bila kuona kama tunakwenda mahali, sote, wagonjwa na wauguzi na shuka zangu, polepole, na huko chini yuko mtu mmoja anatuangalizia.

Jeshi aliliacha kwa sababu ya binti yake wa pili. Alirudi likizo baada ya miezi minane, akakaa siku tatu, na mtoto akauliza, baba mwenyewe anasikia: "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Mkewe ni fundi cherehani. Aliendelea kukanyaga cherehani. Wiki ile ile Baharia aliandika barua ya kuacha kazi. Mabinti watatu amewalea, na nywele aliwasuka yeye mwenyewe, kwa mafundo ya kamba za meli. Zikishafungwa, hazifunguki mpaka mwezi uishe.

Hapa kwetu kazi yake inaonekana. Boila la kufulia lilipokufa, alilifufua kwa kipande cha mguu wa kitanda, na linachemsha mpaka leo. Kule wodi ya watoto alimwona mtoto amepanda ndoo ili anawe mikono. Hakungoja barua ya ofisi. Siku ya pili sinki limeshushwa, watoto wananawa wamesimama chini. Na juu ya sakafu ya karakana yake unaweza kukanda unga. Ingia na viatu uone.

Sasa na yeye nimseme, kustaafu hakumkingi mtu. Kule melini kila kitu hupakwa rangi kila mwaka. Akatuletea desturi hiyo hapa. Koki zote arobaini na moja za jengo hili, pamoja na vibao vilivyosema ipi ya wapi, akavipaka kijivu. Mwaka uliofuata, kijivu juu ya kijivu. Miaka ishirini na tisa! Leo zinang'aa kama vyombo vya harusi, na zote zinafanana. Maandishi yamezama huko chini, ramani imebaki kichwani mwake. Nikimwambia, anacheka: "Bibi, si mimi nipo?"

Hakuwepo mwaka jana, siku ya harusi ya binti yake mdogo. Bomba lilipasuka jikoni. Nyie vijana mkakimbilia koki ya kwanza mliyoiona, mkafunga. Jikoni maji yakaendelea kumwagika, wodi ya wazazi ikakauka, na akina mama wawili wako katika kujifungua. Mkampigia simu. Baharia akatoka harusini na ua kifuani. Aliporudi, suruali imelowa mpaka magotini na mpiga picha ameshaondoka. Hiyo picha iko sebuleni kwao, nimeiona: bwana harusi, binti, mama, na nafasi ya mtu mmoja ambayo mama hakukubali izibwe.

Mkewe aliniletea ile suti nitoe madoa ya kutu. Akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Dada, alipokuwa melini nilimngoja, nikasema bahari ni mbali. Sasa yuko mtaa wa pili na bado namngoja." Akanieleza kwamba Baharia amemwahidi: akishastaafu, haitwi tena. Asubuhi watakaa wanywe chai, hata ikipoa watakuwa bado wamekaa. Nilisugua ile suti siku mbili. Doa moja limegoma.

Ahadi hiyo anayo yeye, lakini kuivunja mtaivunja nyie, bomba la kwanza tu likipasuka.

Kwa hiyo sikilizeni. Sherehe ni saa tisa alasiri. Mafundi wote watatu mtafika siku hiyo hiyo saa moja asubuhi, mje chumba cha kufulia. Nimekata vipande arobaini na moja vya shuka kuukuu, nimevipinda kingo, na wino nitautoa, ule wa kuandikia shuka za hospitali, hautoki hata ukichemshwa. Mtaanza na tangi la juu ya paa, mmalizie jikoni. Baharia atasema koki ipi ni ya wapi, nyie mtaandika, na kila koki mtaifunga na kuifungua kwa mikono yenu kabla ya kuifungia kitambaa chake. Na atakayekuja kuvipaka rangi, tutaonana.

Baharia, kwa niaba ya kila mtu aliyewahi kufungua bomba humu ndani na maji yakatoka, asante. Siku zako ziwe nyepesi na usingizi wa mchana uwe mrefu. Mpini wa ufagio nenda nao, hao watakata wa kwao. Ukifika kwako uegemeze ukutani, usikilize: kuna mtu anashona upande wa pili.

Na nyie, ile namba yake ya simu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, futeni kabla keki haijakatwa. Ngazi iko pale pale. Tambara na mafuta ya taa nimeshaviweka.